Pampu Isiyojizima

Miche mia nane ya parachichi ilikuwa imeungua kwa mbolea, na mzee anayelinda kitalu hicho cha Njombe alikuwa ameshakubali kwamba kosa ni lake.

"Niliiacha pampu nikaenda sala ya jumuiya," alisema. "Ningebaki ningeizima."

Esnath, aliyetoka Makambako asubuhi hiyo kuikagua programu aliyoiandika mwenyewe, aliendelea kuisoma kwenye kompyuta yake. Programu iliiamuru pampu imwage lita 0.1 ya mbolea ya maji, irudie, na isimame pale tu jumla itakapokuwa lita moja kamili.

Aliigeuza ile 0.1 iwe ya sifuri na moja tupu, jinsi kompyuta inavyohesabu. Ikatoka 0.000110011001100, ikaendelea bila mwisho. Kompyuta ilikuwa imeukata mkia wake, kwa hiyo vipande kumi havikutimia moja kamili. Cha kumi na moja kikaipita, na pampu ikaendelea kumwaga.

"Itajizima yenyewe, baba," ndivyo Esnath alivyokuwa amemwambia mzee siku ya kuisimika pampu hiyo.

Meneja wa kitalu, aliyekuwa ameketi nao, akaisogeza barua ya kukiri kosa mbele ya mzee. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kimeshapakwa wino.

"Nionyeshe pa kuweka, mwanangu," mzee akamwambia Esnath. "Sina miwani."

Esnath akakishika kile kidole, akaanza kukifuta kwa mkono wa sweta yake nyeupe.