Kofia ya Kifaru

Ndege Mnana alikuwa hodari wa kusuka, ila duka lake la kofia la mtandaoni lilikuwa vurugu tupu. Akamwita Kuchakuro, kindi ambaye hupenda kupanga kuliko kula.

Kuchakuro akatenga kofia za wenye pembe, za wasio na pembe, na za wanaosubiri pembe ziote. Kikapu kimoja kilichopinda kikamshinda, akakitupa kwenye fungu la "Vinginevyo."

Kifaru akaingia kutafuta kofia ya harusi yake. "Pembe ninayo, lakini iko puani. Mimi ni wa wapi?" Akaambulia kikapu kile, akakivaa. Wageni wote wa harusi wakataka kama hicho.

"Unaona, ndugu yangu?" Mnana akashangilia. "Vinginevyo ndivyo vinavyouzika!"

"Nimeona," akajibu Kuchakuro, vidole vikimwasha. "Basi tuvigawe mafungu mafungu."

Akavigawa. Wageni wa harusi wangali humo dukani, wanatafuta.