Ndala Chini ya Injini

"Nikiachia klachi, gari inashtukashtuka," mteja alisema. Alikuwa amerudi kutoka uhamishoni Bujumbura Julai ile ya tisini na nne, vita vilipokwisha.

Nikafungua boneti. Mpira wa kushikilia injini ulikuwa umekufa, na chini yake kulikuwa na kipande cha ndala ya buluu, kimefungwa kwa waya.

Waya ule niliukaza mimi, kabla ya Pasaka. Ndala ilikuwa ya dada yangu. Aliivua mwenyewe akicheka, akaondoka na gari yake, mguu mmoja peku. Nilimwahidi jozi mpya.

"Gari umeitoa wapi?"

"Iliachwa barabarani, Kicukiro. Milango wazi."

"Ndani hukukuta ndala?"

Akafikiri kidogo.

"Ya buluu, chini ya kiti. Niliitupa, fundi. Ilikuwa moja tu."