Machozi ya Aldwych

Mama mkwe alianza kulia kabla zamu yake haijafika.

Clive alikuwa bado anawaeleza watalii wake habari za treni za zamani za London, zile za makaa ya mawe, zilizompaka abiria masizi kama sufuria ya kuni. Walikuwa wamekwisha pita vituo vitatu vya chini ya ardhi, na miayo ilikuwa inaambukizana. Nyuma ya kundi alisimama bosi wake, Bwana Pritchard, amekunja mikono. Alikwisha sema: ziara ikidoda leo inafutwa, na Clive atafute kazi nyingine.

Ndiyo maana Clive alimpigia magoti mama mkwe wake, Doreen. Sasa walikuwa Aldwych, kituo kilichofungwa, ambako watu walijificha na kulala wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yakianguka juu. Doreen alitakiwa ajifanye mmoja wao. Alizaliwa Cardiff, vita vikiwa vimekwisha, lakini alijipaka unga nywele zote na kuukunja mgongo.

"Jamani!" alipiga ukelele. "Nililala papa hapa, kichanga, nimefunikwa gazeti!"

"Huyu bibi ni... ni shahidi," alisema Clive, jasho likimtiririka.

"Shahidi wa nini?" Mzee mmoja alijipenyeza mbele na mkongojo wake. "Mimi ndiye niliyelala hapa. Nilikuwa na miaka kumi. Haya mama, nyinyi mlilala upande gani?"

Doreen akamtazama mkwewe. Mkwewe akatazama dari.

"Upande wa... ngazi."

"Na mama yako alikuwa anakoroma?"

"Mno!"

Mkongojo ukaanguka. "Mungu wangu! Kumbe ni wewe, kile kitoto kilichokuwa kinatunyima usingizi! Mama yako alinigawia chai yake ya mwisho!" Akamkumbatia Doreen mpaka unga ukatimka.

Kundi zima likaangua kilio. Walilia vizuri ajabu, wanaume kwa sauti nzito, wanawake juu, wakapokezana, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Bwana Pritchard alipenga kamasi.

"Clive, ziara hii iwe kila Jumamosi," alisema, akapanda ngazi huku akijifuta macho.

Clive angepaswa kurukaruka. Lakini alimwona yule mzee ameketi peke yake kwenye benchi, na moyo ukamsuta. Kumpiga bosi changa la macho, sawa. Kumlaghai mzee aliyenusurika mabomu, hiyo ni laana ya kutafuta mwenyewe. Akamfuata.

"Mzee wangu, nisamehe. Yule mama hajawahi kulala hapa hata usingizi wa mchana. Ni mkwe wangu."

"Najua," alisema mzee, akifungua mkate wake wa jibini. "Mkeo alituonya. Alisema mama yake akiachiwa peke yake atavuruga kila kitu."

Clive akajikuta ameketi bila kupenda. "Alituonya? Wewe na nani?"

Mzee akamalizia kutafuna, akaligeukia kundi lililokuwa linasubiri chini ya ngazi, akapiga makofi.

"Wanakwaya, hongereni sana! Ila sauti ya tatu, mlichelewa kulia."