Taa ya Kobe

Tangu ilipoamriwa kwamba joto la nyumba ni la kobe, kwa kuwa kobe huishi miaka mingi kuliko watu, kila kaya ya Makete ilipewa kobe mmoja na taa moja ya jua ya kumpasha joto. Bibi Atupakisye aliitunza ya kwake kwa nidhamu: aliitundika juu ya jiwe bapa, akaizungushia wavu, na upande wa baridi akaweka beseni la maji ili hewa isikauke.

Asubuhi moja ya sakitu, mkwewe Tusekile aliingia na mtoto mchanga mwenye midomo iliyopauka.

"Mama, baridi inamuua!"

"Mlaze juu ya jiwe."

"Na mkaguzi wa joto la kobe akijua?"

"Mkaguzi naye alizaliwa na mtu. Mlaze!"

Kobe aliinua kichwa, akamtazama mtoto, kisha akajikokota hadi kwenye beseni, akamwachia joto lote. Wanawake wale walishika vinywa kwa mshangao.

Mashavu ya mtoto yalipoanza kupata damu, kisanduku cha ukaguzi kilicho ukutani kililia, kikaandika: *Kobe wawili*. Taa ya pili ikashuka kutoka darini, ikawaka.

"Nimchukue sasa, mama?"

Mtoto alikuwa akiinyoosha shingo yake, polepole mno, kuielekea nuru.