Jina la Shavuni

Tangu viziwi wote wa mji wapewe miwani inayoandika maneno ya kila asemaye, Chande hakumgusa tena mkewe Tunu bega ili amtazame. Alisema akiwa amempa kisogo, na maneno yakamfikia Tunu kwenye kioo, yamenyooka: "Mama Hidaya, chai yako leo imeiva!"

Jioni moja Tunu aliivua miwani, akaifukia kwenye debe la unga. Akaketi mbele ya mumewe, akamwambia kwa mikono, "Niite jina langu."

Chande akacheka, midomo ikiuliza miwani iko wapi.

"Mikono imeota kutu, bwana harusi? Niite kama siku ya posa."

Siku ile jina la Tunu kwa ishara lilikuwa kidole kimoja kinachogusa shavu, kwa sababu ya kishimo chake akitabasamu. Chande akainua mkono. Ukaenda kidevuni, ukapanda kwenye paji la uso, ukasita kama mgeni aliyesahau mlango.

Tunu akaushika, akautuliza shavuni mwake, akatabasamu ili kishimo kitokee. Chande naye akatabasamu, mkono ukiwa umetulia palepale, lakini macho yake bado yaliitafuta miwani.