Nguchiro Amkamata Kobe

Nguchiro, askari wa njia panda, alimkamata Kobe kwa kupita bila kusimama.

"Niandikie tu kosa, afande," Kobe alisema. "Nitakwenda mwenyewe kwa mkuu."

"Sheria inaniruhusu kukukamata. Twende kituoni."

Sheria hiyohiyo ilimkataza askari kumwacha mtuhumiwa njiani. Kobe alitii, akatembea mwendo wake, na Nguchiro akamfuata nyuma siku tatu, njaa ikimuuma.

Kituoni, Tembo aliyekuwa mkuu alisikiliza kosa, akampa Kobe onyo, akamwambia aende zake. Kisha akamgeukia Nguchiro.

"Tangu juzi nyati wamegongana mara mbili njia panda. Askari wa pale alikuwa wapi?"

Nguchiro alianza kufungua mkanda, kama afanyavyo kila mahabusu kabla ya kuingia ndani.