Ratiba ya Bi Mwanakheri

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri. Bi Mwanakheri alikuwa akimchemshia chai fundi Tabu, kwani katika jengo lao wazee nao walikaguliwa kwa ratiba moja na lifti na pampu za maji, kila miezi mitatu. Tangu Ramadhani hakuna mwingine aliyembishia hodi.

Tabu alimpima magoti, akamfutia miwani bila kuombwa, kisha akatazama kishikwambi.

"Hongera, bibi! Huna hitilafu hata moja, kwa hiyo mfumo umekusogeza hadi mwakani."

"Mwakani! Na lifti je?"

"Lifti mbovu ile. Naijia kila wiki."

Bi Mwanakheri alimmiminia kikombe cha pili, akawaza.

"Basi andika goti limelegea, mjukuu wangu. Uje tena Jumatatu."